Penseli Ilipopinda

Ermete, ramani yako imeimeza meza yote.
Umezibana pembe zake kwa kopo la chumvi, kwa kinu cha kahawa,
kwa kiatu chako kimoja (sitauliza),
na pembe ya nne umeniachia mimi na kiwiko changu.

Siku tisa, unasema.
Kutoka hapa Ferrara hadi Orvieto na kurudi
bila kukanyaga barabara kuu hata mara moja,
maana barabara kuu, kwako, ni bomba la kumwagia watu,
nawe umeendesha lori la maziwa miaka thelathini na miwili,
unaijua kila kona iliyowahi kugeuza maziwa kuwa siagi.

Haya. Kwanza Ravenna,
tusimame chini ya zile dari za vigae vya dhahabu
mpaka shingo zitulaumu.
Halafu Urbino, mji uliopanda mlima ukakataa kushuka.
Halafu Gubbio. Mimi nataka tulale kwa Zelinda, yule wa mashamba ya dengu,
anayekodisha chumba juu ya zizi
na kuamsha wageni kwa harufu ya vitunguu kabla jua halijapiga mswaki.
Wewe unataka madaraja.
Umeyaandika kumi na manne, kwa majina,
kama mtu anayealika wageni harusini.

Siena tumeigombania.
Siena ya Agosti, nimesema, ni sufuria iliyofunikwa.
Umenuna, umekunywa maji, umesema basi Septemba,
zabibu zikiwa zimejaa na watalii wamepungua,
ukaandika “Septemba” pembeni, ukaipigia mistari miwili
utadhani nitaiiba.

Dirisha la kushoto la gari halishuki, hilo tumekubaliana.
Redio inashika stesheni moja tu, ya mahubiri.
Tutaokoka tukitaka tusitake.

Ila kuna jambo, Ermete.
Penseli yako imetoka Gubbio ikaenda nyoofu
kama mtu mwenye njaa aliyeona moshi wa jikoni,
kisha, kabla ya Spoleto, ikapinda.
Imepanda mlima ambao hata mchora ramani hakuupa jina,
ikashuka korongoni, ikazunguka
kilomita arobaini na mbili, nimezipima kwa uzi,
ikarudi palepale ilipokuwa iendako.
Na ndani ya mpindo huo, kama kokwa ndani ya tunda,
kipo Castelmurro.

Jina hilo hulitaji tangu matanga ya mama yako.
Mizeituni arobaini na mmoja.
Arobaini mligawana wewe na Duilio mchana mmoja, mkicheka,
mkala mkate chini ya kivuli.
Ule mmoja
umekula miaka ishirini na sita.

Sasa nisikilize, au usinisikilize,
umekwenda kupapasa matairi uani, hunisikii:
kila Desemba hufika chupa kwa dada yangu Nives,
haina barua, kizibo kimefungwa kwa uzi wa gunia.
Mimi huimimina kwenye chupa yetu ya dukani.
Miaka kumi na moja umechovya mkate humo,
ukasifu, ukasema duka hili limeanza kuwa na haya.

Nilichukua kifutio. Nikakirudisha.
Mstari wako ni wako.
Nimedondosha tone moja tu la zeituni katikati ya mpindo.
Unajua tabia ya karatasi na mafuta:
haikuchafuka sana, imekuwa kioo,
na kupitia mlima wako usio na jina
naona mbao za meza, naona alama ya kisu
aliyoiacha mdogo wako, siku ya harusi yetu, akikata jibini.

Utarudi na mikono myeusi, utafoka,
nani kaharibu ramani.
Nitakuambia: ule mti mmoja.

Utakaa kimya. Sijui kwa muda gani.
Nitanawisha kikombe ambacho ni safi.
Halafu, ukikaa, nitakusogezea penseli.
Siku tisa hazitoshi, Ermete.
Andika kumi.